Gari la Baba Lilidhani Liko Iringa

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeolewa kimyakimya. Wala! Nilikuwa nyumbani Tanga, likizo. Sasa nimerudi hapa Mkwawa, mwaka wa tatu ndo huo umeanza, nimejikunja kitandani na blanketi mbili na soksi za kaka yangu. Mtoto wa Ngamiani na baridi ya Iringa hatujapatana hadi leo. Hilo la baridi lishikeni vizuri, maana stori yote ya leo inazunguka hapo hapo.

Stori yenyewe ni ya gari. Ndiyo, gari! Najua mmezoea nikiandika vituko vya hosteli na jinsi bumu linavyoyeyuka mkononi mwangu kabla mwezi haujafika nusu. Leo vumilieni, tutaingia chini ya boneti. Ambao hamjawahi kufungua boneti msikimbie, na mimi nilikuwa kama nyinyi mpaka mwezi wa tisa.

Baba ana Corolla ya mwaka 1994, nyeupe, injini ya 5A. Nyumbani tunaiita Bi Mkubwa, na Mama husema yeye ndiye bi mdogo, kwa sababu Baba akiamka anaanza kwenda kumjulia hali mwenzie uani. Ni teksi. Gari hilo ndilo lililonisomesha mimi na kaka yangu. Limebeba abiria wa stendi ya Kange, limebeba wagonjwa wa Bombo usiku wa manane, limebeba mabibi harusi kuanzia Barabara ya Kwanza hadi huko zinakoishia barabara za Ngamiani (kwa msiopajua, mitaa ya kwetu haina majina mengi, ina namba; ukipotea unahesabu). Bajaji zilipojaa mjini Baba alibaki na wateja wake wa siku zote, mabibi na mababu wasiotaka upepo wa masikioni, na mizigo yao ya sokoni.

Basi bwana, nikamaliza TP ya mwaka huu, nikakaa kwenye basi kutwa nzima, Kitonga, Mikumi, Morogoro, Chalinze, Segera, nafika nyumbani usiku nimechoka hoi. Asubuhi naamka, Bi Mkubwa yupo uani na Baba yupo barazani. Saa mbili asubuhi! Baba saa mbili hajawahi kuwa barazani hata siku ya Idi.

"Gari vipi Baba?"

"Gari limechoka, mwanangu."

Akanyamaza. Mama ndo alinisimulia jikoni. Tangu mwezi wa tano gari linakula mafuta kama lina mimba. Lita iliyokuwa inakwenda kilomita kumi na mbili sasa inakwenda saba. Linatoa moshi, linanuka petroli. Baya zaidi, ukilizima likiwa na moto haliwaki tena mpaka watu wasukume, na mteja wa teksi akishasukuma mara moja hakupigii simu ya pili. Fundi ameshabadilisha plagi mara mbili, amebadilisha waya za plagi, amesafisha nozeli, amesafisha tanki. Kila mara linatulia siku mbili tatu, kisha yale yale. Mwisho fundi akatoa hukumu: ringi za pistoni zimekwisha, injini imekufa, itafutwe nyingine ya Japani iliyotumika. Milioni moja na laki mbili, bado ufundi.

Hiyo hela hatuna. Baba alikuwa ameshaongea na mtu wa kumkopesha, na dhamana ni karatasi za kiwanja cha Pongwe. Kiwanja hicho Mama alikinunua kwa miaka tisa ya vitumbua. Aliniambia huku anakoroga uji, hakunitazama. "Ijumaa atapeleka karatasi," akasema. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sasa kabla hamjamlaani fundi, ngojeni. Huyo mzee namfahamu tangu nikiwa mdogo. Gereji yake ipo chini ya mwembe, na yeye na Baba wamekua pamoja. Magari ya kabureta anayasikiliza kwa sikio moja tu, anakwambia silinda gani ina kasoro. Si mwizi. Na mimi ni nani? Binti wa miaka ishirini na mbili, nasomea ualimu wa fizikia na hisabati, gari silijui, leseni sina. Kwetu mtoto haendi kumwambia rafiki wa baba yake kwamba amekosea. Hata kama amekosea.

Usiku tukakaa barazani, Baba na kahawa yake, mimi na kashata. Nikauliza tu, ili mazungumzo yasife: "Sasa Baba, oili unaongeza mara ngapi?"

"Oili? Sijaongeza tangu tulipofungua Ramadhani. Hilo ndilo linalonishangaza, oili haipungui."

Jamani, hapo ndipo kichwa kilipoamka. Hata mimi nisiyejua gari nilishawahi kusikia kwamba ringi zikiisha, oili inapanda juu kwenye silinda na kuungua. Moshi wake ni wa bluu, na oili lazima ipungue. Nikachukua tochi ya simu, nikaenda uani, nikachomoa kile kijiti cha kupimia. Oili haikuwa imepungua. Ilikuwa IMEZIDI alama ya juu! Nikainusa. Petroli tupu.

Nikamwomba Baba awashe gari, nikashika kitambaa cheupe nyuma ya ekzosti. Kikatoka na masizi makavu meusi, hakina mafuta wala utelezi. Moshi mweusi maana yake petroli inaingia nyingi kuliko inayoweza kuungua. Inayobaki inachafua plagi, nyingine inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Ndo maana plagi mpya zilikuwa zinasaidia siku mbili tatu, mpaka zijae masizi tena. Kwa hiyo swali likabadilika. Nani anayeamuru petroli nyingi hivi?

Nililala na kitabu cha ufundi cha Toyota kwenye simu mpaka betri ikaisha.

Jumanne nikaenda kwa fundi na Baba. Shikamoo, marahaba, chuo vipi, umeshakuwa mwalimu, na kadhalika. Nikamwambia fundi nina zoezi la fizikia, naomba kulijaribia kwenye gari la Baba. (Uongo mdogo, Mungu anisamehe.) Gari kama hilo huwezi kulichomeka zile mashine za siku hizi za kusoma matatizo. Kuna kijana alishajaribu, soketi haikuingia. Mfumo wa soketi moja kwa magari yote ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Bi Mkubwa ni wa 1994, wa soko la Japani. Lakini lina njia yake ya kizamani. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi, mfuniko umeandikwa DIAGNOSIS. Ukifungua unakuta matundu yenye herufi. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu la TE1 na la E1, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa ya chek enjini inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni namba 22, sensa ya joto la maji. Kila namba na kasoro yake.

Vijana wote wa gereji wakaja kuchungulia. Nikafungua swichi. Taa ikapepesa... pa pa pa pa pa, sawasawa, bila kupumzika. Kitabu kinasema hiyo maana yake hakuna kasoro yoyote.

"Mwalimu, imesemaje?" kijana mmoja akauliza.

"Imesema haiumwi."

Kicheko chake hicho! Fundi hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinipigapiga begani akasema, "Umejitahidi, mwanangu. Injini ina miaka thelathini. Hata mimi nimechoka." Baba akatazama chini. Tulirudi nyumbani tunasukuma, kwa sababu gari lilikuwa na moto na likagoma kuwaka. Mimi na kanga yangu nyuma ya gari, Barabara ya Kumi na Mbili, majirani wanatazama.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hiki ndicho nilichotaka kuwaandikia.

Ile taa si muongo. Inajibu swali dogo kuliko tunalodhani tumeliuliza. Kompyuta ya gari inaandika namba 22 pale waya wa sensa unapokatika au unapogusana, yaani inapopata jibu lisilowezekana kabisa. Lakini je, sensa ikitoa jibu linalowezekana, ila si la kweli? Kompyuta haina mikono, haiwezi kugusa injini na kusema mbona ya moto. Inaamini inachoambiwa.

Na sensa ya joto la maji ni kitu ambacho mimi nimekisoma darasani, kwa jina jingine. Ndani yake mna termista, kipande ambacho upinzani wake wa umeme hushuka kinapopata joto. Michael Faraday aliiona tabia hiyo mwaka 1833 kwenye salfaidi ya fedha, na akashangaa, kwa sababu waya za kawaida hufanya kinyume. Kwenye Toyota za namna ya Bi Mkubwa, maji yakiwa nyuzi 20 sensa husoma kati ya ohm 2,000 na 3,000. Yakifika nyuzi 80, husoma kati ya 200 na 400 tu. Kompyuta inasoma upinzani huo, inajua injini ina joto kiasi gani, na inaamua petroli. Injini ikiwa baridi inapewa nyingi, ikipata moto inapunguziwa. Na kabla injini haijapata moto, kompyuta haisikilizi hata ile sensa ya kwenye ekzosti ambayo ingeiambia kwamba petroli imezidi.

"Lakini geji ya joto pale kwenye dashibodi iko katikati, haina shida!" Hivyo ndivyo kila mtu alivyosema, na mimi pia. Kumbe geji ya dashibodi ina kifaa chake peke yake, cha waya mmoja. Kompyuta ina kingine, cha waya mbili. Vimekaa jirani pale pembeni ya kichwa cha injini, karibu na distributa, lakini havizungumzi. Geji inamwambia dereva ukweli, mwenzake anaiambia kompyuta kitu kingine.

Jumatano alfajiri, baada ya swala, gari limelala usiku kucha, nikaenda uani na mita ya umeme ya kaka yangu. Kwanza nikachomoa soketi ya kijani ya sensa na kuitazama. Tanga ni pwani, chumvi ya hewani inakula shaba mpaka inaota ukungu wa kijani. Ilikuwa safi. Nikafungua swichi, nikapima upande wa waya zinazotoka kwenye kompyuta: volti 5, sawa. Nikafunga swichi, nikapima sensa yenyewe. Kwa hali ya hewa ya alfajiri ile, kama nyuzi 27, nilitarajia ohm 1,800 hivi. Mita ikasoma 5,000.

Moyo ukanipiga. Nikarudisha soketi, Baba akawasha, tukaliacha lingurume mpaka feni ikajizungusha yenyewe. Tukazima, nikapima tena. Ilitakiwa 300. Mita ikasoma 3,500.

Nikarudi kwenye jedwali. Ohm 3,500 ni kama nyuzi 10 hivi. Yaani injini inachemka katikati ya Ngamiani, jua la saa tatu, jasho linanitoka, na kompyuta ya Bi Mkubwa inaamini kwamba ipo Mkwawa alfajiri ya mwezi wa saba! Kwi kwi kwi! Nilicheka peke yangu mpaka Mama akatoka jikoni. Maskini Bi Mkubwa, miezi minne anatetemeka kwa baridi isiyokuwepo, anaomba petroli ya kujipashia moto. Na kwa gari lililozaliwa Japani, nyuzi 10 ni asubuhi ya kawaida tu. Kompyuta ishtuke kwa lipi?

Sasa ikabaki kazi ngumu kuliko ya mita, yaani kumwambia fundi. Baba alisema, "Twende, lakini uangalie ulimi wako."

Njiani nikakumbuka kitu tulichofundishwa kwenye somo la mbinu za kufundishia: anza na anachokijua mwanafunzi. Sikuwa na ubavu wa kumfanya mzee yule mwanafunzi wangu, lakini swali haliuzwi. Nikakaa kwenye tairi, nikasema:

"Fundi, naomba nifundishe. Zile gari za kabureta, choki ikigoma kufunguka, gari linafanyaje?"

Akafurahi, uso ukachanua. "Ah! Choki ikigoma? Moshi mweusi. Plagi masizi. Mafuta linakunywa. Asubuhi linawaka vizuri tu, ila ukizima likiwa na moto ndo basi, linalewa petro..."

Akanyamaza. Akatazama gari la Baba. Akanitazama mimi. Mkono ulioshika spana ukashuka taratibu.

"Sasa choki ya hii iko wapi?"

"Hii hapa, fundi. Ndogo kama kidole gumba." Nikampa mita, nikamwonyesha jedwali. Akapima mwenyewe mara mbili. Mara ya pili alivaa miwani.

Basi hapo tena si mimi niliyekuwa mwalimu. Nilikuwa nimeshashika spana namba 19 nataka kuifungua ile sensa, akaninyang'anya. "Injini ina moto, unataka maji ya rejeta yakubabue? Na hiyo ni shaba imekaa kwenye aluminiamu miaka thelathini. Ukilazimisha itakatikia ndani, halafu kweli tutabadilisha injini." Akaipulizia mafuta ya kulainisha kutu, akatutuma dukani wakati inapoa.

Maduka ya spea ya Ngamiani yana raha yake. Sensa mpya hawakuwa nayo, wakanitolea kopo la zilizotumika. Nikaomba kikombe cha maji ya moto kwa mama ntilie wa jirani. Muuza duka akaniuliza, "Dada, unapima sensa au unapika? Sensa si ilishafanyika 2022?" Nikacheka, lakini nikapima. Ya kwanza ilikuwa haibadiliki kabisa, maji ya moto wala baridi. Ya pili ikaanza na 1,900, nikaizamisha ncha yake kwenye kikombe, namba zikateremka kama mtu anayeshuka ngazi mpaka 400. Hiyo hiyo! Elfu kumi. Mkinunua sensa ya joto iliyotumika, fanyeni hivyo, kikombe cha maji ya moto hakikatai.

Fundi aliifungua ile ya zamani kama anayetoa jino la mtoto. Robo mzunguko, anarudisha, anaongeza mafuta, robo tena. Mimi ningeivunja, naapa. Akaziba tundu kwa kidole maji yasimwagike mengi, akaweka mpya na washa yake, akaanza kuizungusha kwa mkono kabla ya kugusa spana, "ili uzi usipande juu ya uzi". Akajaza maji, akawasha gari mfuniko wa rejeta ukiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, ili hewa iliyoingia itoke. Akasafisha plagi kwa brashi ya waya. Akamwaga oili yote iliyochanganyika na petroli na kuweka nyingine. Hilo la oili ni yeye aliyelikumbuka. Oili iliyolegezwa na petroli hailindi injini, na tungeiacha ile ndiyo ingeiua kweli.

Mara ya kwanza moshi ulitoka bado, nikakata tamaa. Fundi akasema hayo ni masizi ya zamani, lipeleke likapumue. Tukaenda hadi Pongwe na kurudi, Baba, fundi na mimi nyuma. Tulipita kwenye kiwanja cha Mama. Hakuna aliyesema kitu, lakini Baba alipunguza mwendo. Tuliporudi gereji Baba akazima. Akasubiri kidogo. Akawasha.

Likawaka.

Baba hakushuka haraka. Alikaa na mikono kwenye usukani anausikiliza mlio. Kisha akatoa pochi, akamlipa fundi ufundi wake kamili. Mimi nikafungua mdomo, nilitaka kusema kuhusu plagi mbili mbili na nozeli na miezi minne. Baba akanitazama, nikaufunga. Nyumbani ndo akaniambia: "Fundi hakuniibia. Alinipa alichokuwa nacho." Ijumaa karatasi za kiwanja zilikuwa bado kwenye sanduku la Mama, na Baba saa mbili asubuhi hakuwa barazani.

Ningeishia hapo ingekuwa stori tamu, ya kujisifu. Lakini kuna kitu kimenikaa rohoni tangu siku ile, na bila kukisema nitakuwa nimewadanganya.

Kwenye TP ya mwaka huu nilifundisha fizikia kidato cha pili, shule moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na msichana anakaa safu ya nyuma. Hafeli sana, hafaulu sana. Hapigi kelele. Ukimuuliza "umeelewa?" anajibu "ndiyo mwalimu". Hakuwahi kuniwashia taa yoyote. Siku ya mwisho niliombwa niandike maoni ya kila mwanafunzi, na kwake niliandika maneno mawili: Hana juhudi. Nilitumia kama sekunde tano.

Sasa najiuliza, nilimpima lini? Nilimuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa moja tu. Sikumwita mbele aniandikie kwenye ubao. Sikukaa naye nione anavyonakili. Sikuuliza anaamka saa ngapi au anatembea umbali gani. Pengine haoni ubao. Pengine Kiingereza cha kitabu kinampita. Pengine kweli hana juhudi! Sijui, na ndilo tatizo: sijui, na nimeandika. Fundi alihitaji miezi minne, plagi nane na nozeli kabla ya kusema injini imekufa. Mimi sekunde tano.

Nimemwandikia ujumbe mwalimu wake wa darasa. Nimemwomba ayafute yale maneno yangu mawili, amsogeze safu ya mbele, na ampe mtihani mdogo wa mdomo kwa Kiswahili aone. Hajajibu bado. Labda ana shughuli, labda ananiona mtoto ninayejifanya najua. Nitamwandikia tena wiki ijayo, kwa adabu, na safari hii nitaanza na swali.

Ile sensa mbovu nimekuja nayo Iringa. Ipo hapa mezani, juu ya daftari la maandalizi ya somo. Nimeipima leo usiku, chumbani kwetu, na bado inadhani ni baridi kuliko ilivyo. Mwenzangu wa chumba anasema angalau hapa inakaribia ukweli, teh teh.

Haya, alamsiki. Baba anasema Bi Mkubwa anawasalimu.